Mchujo wa sororiti: jibu kwa binti anayeogopa kwamba hatafanana na wenzake

Sororiti ni chama cha wasichana wa chuo kikuu huko Marekani, chenye jina la herufi za Kigiriki, na mchujo ni siku za kuchagua wanachama wapya. Swali lililotufikia, kwa ufupi: binti wa miaka 18, mzaliwa wa Tanga, alihamia Ohio na wazazi wake akiwa na miaka 11. Anaandika: "Shikamoo anti. Mwezi wa nane naanza chuo kikuu. Mwenzangu wa chumbani ameshajisajili kwenye mchujo wa sororiti na ananisihi twende wote. Moyo unataka. Lakini navaa hijabu, lafudhi yangu bado ni ya kwetu, nyumbani hatuna hela za kuchezea, na wasichana ninaowaona TikTok wote ni kama wametoka tumbo moja. Binamu yangu anasema niachane na hao, niende kwa AKA au Delta. Mama anasema yote hayo ni Frimasoni. Hivi kweli mle nitafaa?"

Marahaba mwanangu. Kabla hatujafika kwenye hijabu na lafudhi, kuna jambo ambalo mwenzako na binamu yako hawajakueleza. Wanazungumzia vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Maandalizi ya kimoja yanakuharibia kingine, na wasichana wengi wa kwetu hukwama hapo kabla hata hawajafungua mdomo wakasikika lafudhi.

Mwenzako anazungumzia sororiti zilizo chini ya National Panhellenic Conference, umoja ulioundwa mwaka 1902, ambao leo una vyama 26. Ndizo zenye majumba makubwa ya nguzo nyeupe, na ndizo hizo za TikTok. Mizizi yake ni vyuo vya karne ya 19, enzi ambazo wasichana walikuwa wachache darasani na vyama vya wavulana haviwapokei. Hata neno lenyewe lilibuniwa na mwalimu wa Kilatini wa Syracuse kwa ajili ya Gamma Phi Beta, chama kilichoanza 1874. Kwa miongo mingi vyama hivi vilikuwa vya wasichana weupe, vingine kwa sheria iliyoandikwa na vingine kwa mazoea. Sikufichi: pale University of Alabama ilibidi gazeti la wanafunzi lianike jinsi wasichana weusi walivyokuwa wakikatwa, ndipo mialiko kadhaa ikatolewa kwao, na huo ulikuwa mwaka 2013. Kwa hiyo hofu yako haikutoka hewani. Ila vyuo havifanani, na hata ndani ya chuo kimoja tawi na tawi jingine ni mbingu na ardhi.

Binamu yako anazungumzia sororiti za Wamarekani weusi, zilizo chini ya National Pan-Hellenic Council, baraza lililoundwa 1930 pale Howard University. Sororiti zake ni nne: Alpha Kappa Alpha (ndiyo AKA) ya 1908, Delta Sigma Theta (ndiyo Delta) ya 1913 na Zeta Phi Beta ya 1920, zote za Howard, na Sigma Gamma Rho iliyoanzishwa na walimu saba mjini Indianapolis mwaka 1922. Nitazirudia baadaye, maana njia ya kuingia huko ni nyingine kabisa.

Tuanze na mchujo wa mwenzako, kwa kuwa ndio wenye tarehe ya mwisho.

Chukua mfano wa chuo chenye matawi kumi. Siku ya kwanza utatembelea yote kumi, dakika ishirini au thelathini kila moja. Raundi ya pili unaweza kurudishwa hadi saba, ya tatu hadi tano, na ya mwisho mawili. Baada ya kila raundi wewe unapanga majina ya nyumba, ndivyo matawi yanavyoitwa, kwa jinsi zilivyokupendeza, nazo zinapanga majina ya wasichana, kisha kompyuta inalinganisha. Asubuhi unapewa ratiba yako. Unatembea katika kundi linaloongozwa na mlezi, kwenye vyuo vingi anaitwa Rho Gamma. Yeye naye ni mwanachama wa sororiti fulani, ila kwenye vyuo vingi kwa muda huo hujitenga na chama chake na haruhusiwi kukwambia ni kipi. Huyo ndiye mtu wako. Swali lolote la ada, la swala, la chakula, la kuumwa kichwa, mpelekee yeye.

Sasa ujue kinachokungoja mlangoni, maana hapo ndipo mabinti wengi huvunjika moyo bila sababu. Mlango unafunguliwa kwa kishindo. Wasichana sitini wamejipanga kuanzia ngazi hadi kizingitini, wanaimba na kupiga makofi, kelele utadhani bibi harusi ameshuka kwenye gari. Mmoja anajitokeza, anakuita kwa jina, anakushika mkono, anakuingiza ndani. Mnaongea dakika tano, labda saba, na ndiyo kwanza mazungumzo yameanza kunoga. Mara mwingine anatokea nyuma ya bega lake, anajitambulisha, yule wa kwanza anaaga na kupotelea kwenye umati. Msichana asiyejua ataamini amemchosha mwenziwe. Uso unamshuka, sauti inafifia, na huyu wa pili anakutana na mtu aliyekwishakata tamaa. Ukweli ni kwamba mzunguko ule umepangwa na kufanyiwa mazoezi tangu wiki iliyotangulia, dakika kwa dakika. Nyumba inataka watu wawili watatu wakuone, ili jina lako likisomwa usiku pawe na zaidi ya mmoja wa kukusemea. Kwa hiyo akija wa pili, muage wa kwanza kwa jina lake, mgeukie mgeni wako, na uso ubaki vilevile.

Kundi lenu likitoka wana dakika chache tu kabla ya kundi linalofuata. Katika dakika hizo kila mmoja anaandika alichokikumbuka. Siku ile ameongea na wasichana thelathini, na ishirini kati yao wamemwambia wanapenda kusafiri na wanapenda mbwa. Hapo ndipo kile unachodhani ni kasoro yako kinapokusaidia. Ukiulizwa umetoka wapi, usijibu "Afrika" ukanyamaza, na usianze kutoa hotuba ya jiografia. Sema kitu kimoja kinachoonekana kwa macho: "Nilizaliwa Tanga, mji wa bandari Tanzania. Nimekulia hapa Ohio. Jumamosi mama anauza sambusa, na mwenye kazi ya kukunja ni mimi. Kwenu nani anapika?" Sentensi nne fupi, na ya mwisho ni swali. Mkitoka ataandika "msichana wa sambusa," na hilo ni jema, kwa kuwa amekukumbuka. Andaa vitu vitatu vya namna hiyo: kimoja cha kwenu, kimoja cha unachosomea, kimoja cha unachofanya kwa mikono yako. Vifanyie mazoezi kwa sauti mbele ya mtu. Lafudhi haimzuii mtu kuelewa, kinachomzuia ni kuongea haraka kwa woga katika chumba chenye kelele. Punguza mwendo, msogelee, na ukiwa hukusikia sema hukusikia. Wao wenyewe hawasikilizani mle ndani.

Jina lako nalo usilikate ili liwe jepesi, kama hukuwa unalikata kabla. Lifundishe mara moja, taratibu, silabi kwa silabi, ukitabasamu. Kisha angalia nani analirudia vizuri raundi inayofuata. Nitakuja kwenye hilo.

Jingine la kujua mapema ni hesabu ya kukatwa. Huenda asubuhi ya pili ukafungua ratiba na kukuta nyumba tatu ulizozipenda hazimo. Nyumba zinazopendwa sana hazina hiari ya kuwarudisha wote. Kila nyumba hupewa idadi kufuatana na rekodi yake ya miaka iliyopita, yaani kiasi gani cha wasichana huwa wanairudia wakialikwa. Kwa kuwa maarufu hazikataliwi, zinalazimika kukata wengi tena mapema, wakati zimezungumza nawe dakika ishirini tu, na mara nyingi zinabaki na karatasi: alama zako za shule, picha, na nani anakufahamu. Msichana ambaye mama yake au dada zake wa shule walipita pale anafahamika kabla hajafika. Wewe hufahamiki. Baadhi ya vyama vimefuta upendeleo wa mabinti wa wanachama katika miaka ya karibuni, ila kufahamiana hakufutiki kwa waraka. Basi ukikatwa raundi ya kwanza, usiyarudie mazungumzo yote kichwani ukitafuta neno ulilokosea. Lia kama machozi yanakuja, osha uso, nenda kwenye zilizobaki ukiwa mzima, kwa sababu mle ndimo mwenye watu waliokwishakuona na bado wanakutaka.

Usiku wa mwisho utasaini hati ukipanga nyumba zako mbili kwa mpangilio. Isome. Hati hiyo inakufunga: ukiandika nyumba, ikakupa mwaliko, kisha ukakataa, hutaweza kuingia sororiti nyingine ya umoja huo hapo chuoni mpaka mwaka upite. Usiandike nyumba ambayo hutaki. Kwa upande mwingine, wanaoandika moja tu kwa matumaini ndio hutoka mikono mitupu. Aliyehudhuria zote alizoalikwa na kuzipanga zote huwa karibu ana uhakika wa kupata mahali. Kati ya mwaliko na siku ya kuapishwa, ambayo kwa kawaida huja baada ya wiki sita hadi nane, bado una ruhusa ya kutoka, kwa adhabu ileile ya kusubiri mwaka. Ukishaapishwa basi. Hata ukijitoa, hutapokelewa na chama kingine chochote kati ya vile 26, maisha yako yote.

Na hapa nakupa mawazo yangu waziwazi. Kwa binti kama wewe, anayechelewa kufunguka na anayepimwa vibaya na dakika tano za kelele, mlango wa nyuma mara nyingi ni bora kuliko wa mbele. Matawi ambayo hayakujaza nafasi zake huendelea kupokea wanachama baada ya mchujo, hata muhula wa pili, bila wiki ya maonyesho. Mnakunywa kahawa na watu wawili, unaalikwa chakula cha jioni, unakaa nao kwenye kazi ya kujitolea, wanapiga kura. Ofisi ya chuo inayosimamia vyama hivi inayo orodha ya matawi yenye nafasi. Vyuo vingine haviruhusu kabisa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuingia muhula wa kwanza, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kulipa ada ya kujisajili, maana mara nyingi hairudishwi.

Umeuliza kama utafaa. Swali hilo lina upande wa pili ambao uko mikononi mwako, na utautazama raundi zote: je, wao wanakufaa? Usiutazame ukumbi. Ukumbi umepambwa. Tazama kama raundi ya pili kuna mtu aliyelikumbuka jina lako bila kuchungulia kibandiko kifuani. Tazama wanavyosemeshana wao kwa wao pale wanapodhani hakuna mgeni anayesikia, hasa mwanachama wa mwaka wa pili na yule wa mwaka wa nne. Tazama kama wale wasichana weusi au wa kigeni waliomo wametapakaa nyumba nzima, au wamesimamishwa mmoja mlangoni na wote wanaofanana nawe wanapelekwa kwake. Ukimpata mmoja wao faraghani muulize: "Jumapili ukiwa huna la kufanya, unakaa na nani?" Akitaja majina matatu ya nyumba ile bila kufikiri, umepata jibu. Akitaja marafiki wa nje, nalo ni jibu. Na muulize yeyote: "Nani alijitoa mwaka jana, na kwa nini?" Tawi lenye afya litasema: mmoja alihama chuo, wawili hawakumudu ada. Tawi lenye jambo la kuficha litabadilisha mazungumzo.

Hijabu, basi. Raundi ya kwanza wengi huvaa fulana ya mchujo inayotolewa na chuo. Vaa nguo ya mikono mirefu nyepesi ndani yake, chagua mtandio wa pamba wa rangi moja na uufunge namna unayoizoea, maana Agosti ni joto na mnatembea nyumba hadi nyumba kwa miguu. Beba mtandio wa akiba, pini nne, chupa ya maji, na viatu vya kutembelea mfukoni. Raundi ya mwisho wenzako watavaa magauni ya jioni mafupi. Gauni refu la kawaida ulilolivalia Idi linatosha, usinunue jipya. Ratiba ya swala mpe mlezi wako siku moja kabla. Hakuna wanaume wala pombe kwenye mchujo, sheria zinakataza vyote viwili. Baada ya hapo ndipo penye mambo. Kutakuwa na hafla za pamoja na vyama vya wavulana, na dansi za muhula. Uliza mapema, wazi, ni zipi za lazima na ukikosa unatozwa faini kiasi gani. Kwa kawaida la lazima ni kikao cha kila wiki, siku ya kuapishwa, na mazoezi ya mchujo wa mwaka unaofuata, wakati hafla za vijana ni hiari. Usikubali kuambiwa "utazoea". Unataka jibu la ndiyo au hapana.

Hela. Watu wanaona aibu kuuliza, na aibu hiyo ndiyo inayowatoa mwezi wa pili. Omba karatasi ya gharama kwa maandishi, na kila chuo chenye mpangilio kinayo. Isome kwa mistari: ada ya muhula, malipo ya mara moja ya mwanachama mpya, pini ya chama, chakula, na kama kuna sharti la kuishi kwenye nyumba yao mwaka wa pili, kodi yake ni kiasi gani ukilinganisha na bweni. Nikupe mfano wa kupigia hesabu tu. Ada dola 450 mara mihula miwili ni 900, malipo ya mara moja 350, pini 120, fulana za kila shughuli, ambazo hakuna anayekulazimisha lakini kila mtu ananunua, 150, zawadi na tiketi 200. Jumla dola 1,720 mwaka wa kwanza, kabla ya malazi. Vyuo vya kusini na vyenye majumba makubwa hupita hapo kwa mbali. Karibu kila tawi lina mpango wa kulipa kidogokidogo kupitia mweka hazina wake, na vyama vingi vina misaada ya masomo kwa wanachama, ila lazima uombe. Nawaongezea wasomaji waliokuja Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1: kazi mnayoruhusiwa muhula ukiendelea ni ya ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki, kwa hiyo bajeti ya ada isitegemee kazi ambayo viza haiiruhusu.

Sasa ushauri wa binamu yako. Kila nilichokwambia kuhusu kujitangaza, huku ukigeuze. Kwenye Alpha Kappa Alpha, Delta, Zeta na Sigma Gamma Rho, anayemwambia kila mtu kwamba "mimi naingia AKA mwaka huu" anajifungia mlango mwenyewe. Usivae waridi na kijani kwenye hafla ya AKA, wala nyekundu na krimu kwa Delta. Usiige hatua zao za kucheza wala miito yao, hata kwa mzaha, hata kwenye video ya sekunde kumi, kwa kuwa hayo yote ni ya aliyeapishwa tu. Unachofanya ni kuhudhuria shughuli zao za wazi, kusaidia kazi zao za jamii bila kutafuta kamera, kushika masomo, na kujifunza historia kutoka tovuti rasmi ya chama. Wengi hudai GPA, yaani wastani wa alama za chuo, kuanzia 2.5 au zaidi, na mwanafunzi wa muhula wa kwanza hana GPA ya kuonyesha, kwa hiyo mwaka huu wewe ni wa kutazama tu. Tawi likiwa tayari litabandika tangazo la kikao cha wanaovutiwa. Huenda likawa mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine lisiwepo. Fika nusu saa kabla, umevaa kama unakwenda usaili wa kazi. Mlango hufungwa saa iliyotajwa, na aliye nje amebaki nje. Baada ya hapo kuna fomu, transkripti, barua za kukutambulisha, uthibitisho wa kazi za kujitolea, usaili, na malipo ambayo mara nyingi yanatakiwa yote kwa pamoja. Anza kudunduliza sasa. Faida moja kubwa: uanachama wa huko ni wa maisha kwelikweli. Yapo matawi ya waliohitimu, na wanawake wengi huingia wakiwa na shahada na kazi.

Kuhusu kufaa huko, usidhani rangi ya ngozi itakumalizia kazi. Hao ni watu wenye historia yao. Delta walikuwa na miezi miwili tu tangu waanzishe chama walipoingia kwenye maandamano ya haki ya kura ya wanawake Washington, Machi 1913, mahali ambapo wanawake weusi waliambiwa wakae nyuma. Ukienda kwao na masihara ya nyumbani kuhusu Wamarekani weusi, yale tunayoyasikia sebuleni kwa wajomba, watayanusa mara moja, na watakuwa na haki. Ukienda kwa heshima, utakuta nao wanaitafuta Afrika: Zeta walifungua tawi Liberia mwaka 1948.

Na kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia. Zipo sororiti za mchanganyiko wa asili, kama Mu Sigma Upsilon iliyoanza Rutgers mwaka 1981. Ipo pia Mu Delta Alpha, iliyoanzia Texas kwa ajili ya wasichana Waislamu. Matawi yao ni madogo, pengine wasichana kumi tu, na ndani ya kumi huwezi kupotea. Tazama kama chuo chako kinayo.

Mama. Usimpuuze wala usimfiche. Herufi za Kigiriki, kiapo, nywila, salamu ya mikono ya siri: akiviunganisha, Frimasoni ndilo neno alilonalo. Mpe mfano wa karibu naye. Bibi zake wa pwani walikuwa na vyama vya lelemama, vyenye sare, vyeo, michango, mashindano na kundi la mtaa wa pili, na mambo ambayo asiye mwanachama haambiwi. Sororiti iko karibu zaidi na hayo. Ila kwenye kiapo mama ana hoja, na usimjibu kwa kubahatisha. Ibada nyingi za kuapishwa ziliandikwa na wanawake Wakristo wa zamani, na baadhi zina maneno ya Biblia. Kabla ya siku hiyo, muombe rais wa tawi au mshauri wao mtu mzima mkae pembeni, umuulize: "Sikuombi siri. Nataka kujua tu: kuna maneno ya dini? Kuna jambo la kunywa, kupiga magoti, au kuapa kwa jina ambalo Muislamu asingeweza? Na kama lipo, linaweza kubadilishwa?" Mtu mwenye nia njema anaweza kukujibu hayo bila kuvunja siri yoyote. Akikataa hata kwa ujumla, usiapishwe.

Kuna jambo moja ambalo siyo la kupima wala kujadiliana, nalo ni mateso. Bila shaka umesikia njuka wanavyofanywa bweni za sekondari za kwetu: kuamshwa usiku, kutumwa, kutukanwa, kunyang'anywa simu. Huko Marekani yanaitwa hazing na ni kosa la kinidhamu, na katika majimbo mengi ni jinai, hata kama mwenyewe ulikubali. Baraza la vyama vya weusi lilipiga marufuku mfumo wa zamani wa majaribio mwaka 1990, lakini bado kuna wanaoufanya kwa siri na kukwambia ndio "njia halisi". Chochote unachoambiwa usimwambie mtu, kinachofanyika nje ya chuo usiku, kinachokunyima usingizi au chakula, au kinachotaka hela taslimu nje ya karatasi ya gharama, ondoka. Sheria ya taifa iliyotiwa saini Desemba 2024 inavilazimu vyuo kuchapisha kwenye tovuti zao ripoti ya vyama vilivyokutwa na hatia. Isome kabla ya kujisajili na utafute majina ya matawi unayoyafikiria.

Tuseme umeingia. Wiki ya tatu au ya nne baada ya mwaliko utajihisi mpweke kuliko ulivyokuwa kabla, na hapo utasema "nilijua sifai". Sababu ni ya kawaida kabisa: wenzako wengi walikuja na marafiki wa shule moja au ghorofa moja, na makundi yalikwishaundwa kabla hujafika. Kundi la watu hamsini halimpokei mtu. Watu wawili watatu ndio humpokea. Chagua watatu, umwalike kila mmoja peke yake kwa jambo dogo: kusoma saa moja maktaba, kwenda dukani, kula. Omba kazi yenye jina, kama kuratibu siku ya kuchangia damu au kushika orodha ya magari, kwa sababu mwenye kazi hutafutwa, na anayetafutwa hujulikana. Ukipewa nafasi ya kupendekeza dada mkubwa wa kukulea, usimwandike anayechekesha kuliko wote. Mwandike aliyekujibu ujumbe siku ileile. Kisha jipe mpaka wiki moja kabla ya kuapishwa. Siku hiyo ukiwa huna hata mmoja unayeweza kumpigia simu umekwama barabarani usiku, jitoe kabla ya kiapo, kwa barua fupi kwa rais wa tawi, na umuulize mweka hazina kiasi gani unadaiwa ili deni lisikufuate.

Wiki hii fanya mawili. Iandikie ofisi ya vyama vya wanafunzi ya chuo chako, uulize tarehe ya mwisho ya kujisajili, ada yake, kama hurudishwa, na matawi gani huwa yanapokea baada ya mchujo. Halafu mwonyeshe mama barua ya majibu, mkae naye muisome pamoja.